Maji Yakipita Kitovu cha Gurudumu

Jumapili, Kitshanga. Mvua imenyamaza, jua limechungulia kidogo, na mimi nimeketi mlangoni mwa duka langu nikitazama jeep yangu iliyojaa matope. Sijaiosha. Kwa kweli sijataka hata kuigusa tangu juzi.

Madereva wenzangu hupenda kubishana gari linaweza kupita maji ya kina gani. Kipimo changu ni kitovu cha gurudumu. Maji yaliyotulia yakiishia hapo, unatia gia ya kwanza na kwenda polepole bila kusimama. Yakizidi, injini inaweza kuvuta maji ikafa katikati. Na maji yanayokimbia ni habari nyingine: hata yakiwa chini ya hapo, yanaweza kukusukuma ukatoka barabarani. Ni rahisi kuyasema haya ukiwa na kikombe cha chai mkononi.

Juzi kwenye kiti cha nyuma alikuwa amelala Furaha, uchungu wa kuzaa umemshika tangu alfajiri na mtoto hashuki. Mkunga alisema akimbizwe hospitali ya Mweso. Mume wake, Bahati, huniuzia maharage, ndiyo maana alinipigia simu mimi. Tulipofika kwenye kijito kilicho chini ya kijiji chao, barabara haikuonekana. Yalikuwa maji ya rangi ya udongo, yanakwenda kwa kasi.

Nilikata fimbo nikaingia kwa miguu, maana maji hayapimwi kwa macho. Pembeni yalinifika gotini. Mbele kidogo yakanifika pajani, na mchanga ulikuwa ukichimbika chini ya nyayo zangu. Nikarudi nikamwambia Bahati siwezi.

"Kaka Muhindo, gari yako iko juu sana! Pita tu!" Nilipotikisa kichwa, sauti yake ilipasuka. "Unahurumia gari kuliko bibi yangu?"

Iliniuma. Bado inaniuma.

Juu kidogo ya pale kuna daraja la miti la waenda kwa miguu. Nikamuuliza kwa nini tusiite watu wa kipoyi. Huku milimani kila kijiji kina kikundi chake: mgonjwa analazwa kwenye machela ya mianzi, wanaume wanambeba mabegani kwa zamu, na hakuna anayelipwa. Leo unambeba wa mwenzako, kesho wako atabebwa. Bahati akainamisha kichwa.

"Tangu gari zilianza kufika kwetu, mi siendake tena kubeba. Nilibaambia kipoyi iko ya zamani. Sasa nitabaita na uso gani?"

Kumbe ndiyo hiyo. Alikuwa tayari kumwingiza mkewe kwenye maji yale kuliko kuwatazama majirani machoni. Nilitaka kumgombeza, lakini muda haukuwapo. Nikampigia simu mwenyewe Papa Safari, mkubwa wa wabebaji.

Walikuja wakikimbia, kipoyi kichwani. Hakuna aliyeuliza kitu. Walimlaza Furaha, wakamfunika kitenge, na Bahati akaanza kujieleza kwa maneno yasiyoeleweka. Papa Safari hakumwacha amalize.

"Aibu utaisikia kesho. Leo shika muti."

Bahati akaingiza bega chini ya mti wa kipoyi. Niliwatazama wakivuka, daraja linalalamika chini yao, Furaha anaugua, wao wanaambiana polepole, polepole. Mimi nilibaki kando ya jeep, sina kazi. Nilimwomba Mungu kwa Kinande, lugha ya mama yangu, jambo ambalo silifanyi mara nyingi.

Jioni Bahati alinipigia kutoka hospitali ya Mweso. Msichana. Mama na mtoto wazima. Alilia kwenye simu, nami nikalia dukani mbele ya wateja.

Leo baada ya misa watu walinipa mkono, eti dereva mwenye akili. Niliwashukuru. Sikuwaambia kinachonikosesha amani: kama maji yangekuwa yamelichukua lile daraja, na Furaha analia vile nyuma yangu, ningefanya nini?

Kipimo nakijua. Sijui kama ningekifuata.

Kesho nitaosha jeep. Kisha nitapanda kwa Papa Safari, nimuulize kama bega la mtu wa Butembo kama mimi nalo linafaa kubeba kipoyi.