Asubuhi Niliyopanda kwa Miguu

3 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Naomba unisamehe kwa kukaa kimya tangu Oktoba. Sikuwa mgonjwa, wala sikukusahau; kila nilipoketi kuandika, mkono ulikataa. Mguu wako unaendeleaje? Umemwona daktari, au bado unawaambia majirani kwamba ni uzee tu?

Kazi yangu ni ile ile. Kituo chetu kiko kwenye uwanda wa juu usio na mti hata mmoja: ni nyasi, vichaka vya magotini na udongo mweusi unaoshika maji kama sifongo. Waendesha baiskeli za milimani huanzia hapo, huvuka uwanda, kisha huteremka msituni kwa njia nyembamba hadi mtoni. Sisi huzitengeneza njia hizo na kuzikagua.

Tarehe 9 Novemba mteja wetu alifariki kwenye njia ya bondeni. Alikuwa mwalimu wa kuogelea, mtu wa utani. Upepo ulikuwa umeuinamisha mti juu ya njia, mbele kidogo ya tuta la mawe ambalo waendeshaji hulitumia kuruka. Aliporuka, mti ulimpata kifuani. Bosi anasema mti uliinama baada ya ukaguzi, na kwamba kosa ni la Fundi Jembe, mzee aliyenifundisha kazi, kwa kuwa ndiye aliyelijenga tuta. Lingekuwa fupi, mtu yule angepita chini ya mti salama. Amemfukuza mzee hata kwenye chumba chake cha pale kituoni. Baraza la uchunguzi litakaa tarehe 28 Aprili, nami nimeitwa.

Niombee.

Mpwa wako


19 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imefika na nimeisoma mara tatu. Mguu upo. Haunipeleki mbali, lakini hata ulipokuwa mzima sikuwa na pa kwenda. Daktari wa hapa nilimfundisha darasa la nne. Naona haya kumvulia suruali.

Poleni kwa msiba. Sasa nisikilize. Nilisahihisha insha kwa miaka thelathini na sita, na nilijifunza kwamba mtoto aliyevunja dirisha huandika habari za mpira, za upepo na za kioo, asijitaje mwenyewe. Umeniandikia upepo, mti, tuta na mzee. Umeandika pia kwamba mti uliinama “baada ya ukaguzi”. Nani alikagua? Mtu hanyamazi miezi mitano kwa sababu ya msiba wa mteja.

Kama liko jambo, liseme pale utakapoulizwa, ulinyooshe, kisha uketi. Njia ya mwongo ni fupi. Mama yako hakunikabidhi mtoto ili nimlee awe mtu wa kubebesha wazee mizigo yake.

Kula vizuri. Uvae soksi kavu.

Mjomba wako


2 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nafurahi kwamba mguu upo. Mvulie suruali huyo daktari. Nawe uliwahi kumwona akilia kwa sababu ya hesabu, mtakuwa sawa.

Nilikagua mimi.

Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, mmoja wetu hufungua njia. Anapanda baiskeli pale juu, anaishuka njia nzima hadi mtoni, kisha anaandika kwenye ubao wa kituo “imeendeshwa” pamoja na jina lake. Sheria hiyo ni ya Fundi Jembe: njia ya kushuka hukaguliwa kwa kuishuka. Asubuhi ile breki yangu ya nyuma ilikuwa imelegea, na gari la kituo lilikuwa linapeleka mbao mtoni. Nikadandia gari, nikaikagua njia kwa miguu, kutoka chini kwenda juu.

Mjomba, niliuona mti ule. Nilipita chini yake bila hata kuinama. Ulikuwa juu ya kichwa changu kwa urefu wa mkono mzima. Nikajisemea, huu haumsumbui mtu, nitaurudia mchana na msumeno. Sikuwaza kwamba mimi nilikuwa nimesimama chini, na wao hupita pale wakiwa hewani. Nikafika juu, nikaandika “imeendeshwa”.

Mwalimu wa kuogelea alikuwa anafunga kofia yake. Akaniuliza, “Dada, njia imeamka?” Nikamjibu, “Imeamka zamani, kaka, wewe ndiye uliyelala.” Akacheka, akaenda.

Juzi nilimfuata Fundi Jembe kwa binti yake, anakokaa sasa, nikamweleza yote. Hakushtuka. Akasema, “Niliona nyayo zako siku ile ile. Zilikuwa zinapanda, na alama ya tairi haikuwepo.”

“Sasa mbona ulinyamaza, mzee?”

“Mimi nimebakiza meno manne. Wewe unayo yote. Chakula cha jela huvunja meno, nami sina mengi ya kupoteza.” Akacheka peke yake.

Ameshaliandikia baraza, na kutia saini, kwamba alilipandisha tuta wiki ile bila ruhusa. Si kweli. Tuta halijaguswa kwa miaka miwili. Wakili wa kituo ameniambia kwamba nikisema nilivyofanya, naweza kufungwa hadi miaka mitano.

Niambie tena uliloniambia. Nataka kulisikia ukiwa umeshajua.

Mpwa wako


11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima.

Nimechana barua tatu kabla ya hii. Utaona nimefutafuta, sina nguvu ya kuinakili upya.

Nyamaza.

Mzee ameamua mwenyewe, na ana akili zake. Aliyekufa hatafufuliwa na kifungo chako. Nina miaka sabini na nane. Miaka mitano nitaitoa wapi? Nikianguka bafuni, ni nani atakayeitwa? Nilipoandika ile ya mwezi wa tatu nilidhani ni suala la kukemewa, au la kupoteza kazi. Ni rahisi kuwa mnyoofu juu ya mgongo wa mtu mwingine.

Wakikuuliza kama uliiendesha njia, ubao umeshawajibu. Huna haja ya kuongeza neno. Kikao kikiisha, acha hiyo kazi uje nyumbani. Chumba chako nimekifagia.

Mjomba wako


17 Aprili

Mpwa wangu,

Natumaini hujambo. Naandika kabla sijapata jibu lako, jambo ambalo si kawaida yangu.

Barua ya tarehe 11 ichome. Aliyeiandika ni mtu mwoga, mwenye mguu mbovu, anayeogopa kufa peke yake. Nimekuwa nikimtazama kwenye kioo kwa siku sita, na simtaki. Yule mwalimu wa kuogelea ana watu wake, nao wanaambiwa kwamba tuta lilimuua. Mzee naye yuko kwa binti yake, anakula kwa haya, kwa kosa lako na kwa ushauri wangu.

Lakini pia sina uso wa kukuagiza useme. Nimeagiza mambo mawili yanayopingana ndani ya mwezi mmoja. Mwanafunzi angepata sifuri. Fanya utakaloweza kuishi nalo. Lolote utakalofanya, mimi ni mjomba wako, na mlango uko wazi.

Mjomba wako


5 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili. Barua zako mbili zilifika pamoja, tarehe 30, siku mbili baada ya kikao. Kwa hiyo usijilaumu, wala usijisifu. Nilikwenda bila ya ile wala hii.

Nilisema. Nilisema breki, gari, miguu, mti. Wakili wa kituo alikuwa akinivuta shati. Mjane wa yule mwalimu wa kuogelea aliomba kuuliza swali moja. Akauliza, “Uliuona?” Nikamjibu, “Niliuona.” Aliketi na hakunitazama tena.

Nilidhani nimemwokoa Fundi Jembe. Mjomba, nimemmaliza. Ile barua yake yenye saini sasa ni ushahidi wa uongo, naye atashtakiwa kwa kulidanganya baraza. Hata chumba hajarudishiwa. Bosi anasema hawezi kukaa na mtu mwongo. Bosi mwenyewe ameshavunja tuta, amefungua njia nyingine upande wa pili wa mto, na jana watu walikuwa wamepanga foleni. Nilimfuata mzee kwenye korido. Akanisukuma kwa fimbo taratibu, kama anayesogeza kuku, akasema, “Nilikupa mgongo wangu, mtoto mjinga, ukaukanyaga kwa viatu.” Binti yake akamshika mkono, wakaondoka.

Sijui kama nilifanya vyema. Najua tu kwamba mwanamke yule aliuliza, nami nilikuwa na jibu.

Umeniagiza niichome barua ya tarehe 11. Nisamehe, sijaichoma. Hakuna mtu aliyewahi kuniogopea kiasi kile kwa maandishi.

Wamechukua hati yangu ya kusafiria, kwa hiyo siwezi kuvuka mpaka kuja nyumbani kabla ya hukumu. Tafadhali mpe jirani ufunguo wa akiba, asije akalazimika kuvunja mlango. Uamuzi haujapangiwa tarehe. Ukitolewa, nitakuandikia siku hiyo hiyo, nikiwa upande wowote wa ukuta.

Mpwa wako