Jani Ndani ya Maranda

Akheri, 3 Machi 2024

Mwanangu Lilian,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, ila mguu wangu unasumbua baridi ikizidi. Wewe na mwenzako Arafa mnaendeleaje huko Lemara? Naandika kwa sababu simu zangu hupokei. Sikulaumu. Evaresta anapeleka ndizi mjini kila Jumanne, atakuletea barua na mzigo.

Nimekutumia mabakuli sita ya mti wa mringaringa. Niliyakereza yakiwa mabichi mwezi wa nane, nikayafukia kwenye maranda yakauke taratibu, na sasa nimeyakereza mara ya pili. Moja lina ufa ukingoni. Ukichoma nakshi yako hapo hautaonekana.

Kuna jambo moja. Mashine ya kukerezea inawaka yenyewe. Si kila siku, lakini ikiwaka ni saa tisa mchana. Huwa niko kwenye shamba la kahawa au nimekaa nje ya nyumba. Nasikia mkanda unaanza, kisha sauti ya patasi ikigusa mti. Nikifika karakana, kimya. Mara mbili nimekuta maranda mapya chini. Sifaeli jirani anasema ni uzee. Nimemjibu uzee hauachi maranda.

Nimefyeka makaburi, la mama yako na la mdogo wako. Hujafika hapa tangu tumzike Sadoki. Mwezi uliopita ilitimia miaka miwili.

Baba yako


Lemara, 17 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Pole na mguu. Usiuweke chini bila soksi. Mabakuli yamefika yote. Nimeyachoma nakshi kwa waya wa moto, na Arafa ameshona shanga kwenye kingo za manne. Anakusalimu. Anasema unayakereza membamba mpaka anaogopa kupiga chafya karibu nayo.

Kuhusu mashine: umeme wa huko hukatika na kurudi. Swichi ikiachwa imewashwa, umeme ukirudi mashine inazunguka. Hakuna zaidi ya hapo. Ni wewe uliyetufundisha mimi na Sadoki tukiwa wadogo: umeme ukikatika, zima kwanza, ndipo uondoke.

Simu unisamehe. Nikisikia sauti yako naisikia na karakana nyuma yake.

Mwanao,
Lilian


Akheri, 7 Aprili 2024

Mwanangu,

U mzima? Mimi naendelea. Mvua imebomoa kingo za mfereji, tumeshinda siku tatu tukichimba na Sifaeli.

Nimefanya ulivyosema. Nilizima swichi. Nikachomoa na plagi, nikaufunga waya juu kwenye boriti. Jumatano saa tisa ikawaka. Nilikuwa nimekaa mlangoni, mgongo kwa mashine. Sikugeuka.

Safari hii Evaresta anakuletea bakuli moja tu. Usilipambe wala usiliuze. Ukiligeuza utalijua. Mzigo wenyewe unasema nisichoweza kuandika. Nasubiri jibu lako, liwe lolote.

Baba yako


Lemara, 28 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Poleni na mfereji. Sisi wazima.

Evaresta alifika nikiwa nimepeleka kazi dukani kwa Najat. Arafa alipokea mzigo, akalitoa bakuli kwenye maranda, akalifuta na kuniwekea mezani. Nilipoligeuza nikaona mwandiko wangu wa penseli, mahali ulipoacha bila kukereza: L, 9/2/22.

Basi nimeelewa. Umechukua bakuli lililokuwa kwenye mashine siku ile ya Sadoki, umelikausha, umelimalizia, umenitumia. Jibu unalosubiri ni hili: ni mimi.

Nilikuwa nakereza. Umeme ukakatika. Niliweka patasi chini nikaenda jikoni kupakua makande. Nimeirudia siku hiyo mara nyingi mno, sijui tena kama nilizima. Naona mkono wangu ukigusa swichi, halafu naona haukuigusa. Sadoki akaingia kulifungua bakuli kwenye mashine alipime. Saa tisa umeme ukarudi, mashine ikamkamata shati.

Kaburini nilikuambia, "Baba, ni mimi niliyeiacha." Ukatazama chini. Nikajua nawe unajua. Kama ulitaka niandike, nimeandika.

Mwanao,
Lilian


Lemara, 14 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Wiki kumi na moja hujajibu. Evaresta anasema u mzima, ila hukerezi tena, karakana umeifunga kwa kamba.

Nisingeandika tena. Lakini leo asubuhi Arafa alikuwa anawasha jiko la mkaa kwa maranda, akaniuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"We Lilian, hivi kwenu huwa mnafungashia vyombo majani?"

"Majani gani?"

"Lile refu, kama upanga, limepigwa fundo katikati. Si lilikuwa ndani ya bakuli la mzee? Nikasema labda la kuzuia lisigongwe."

"Liko wapi?"

"Liko wapi tena? Niliwashia jiko pamoja na maranda, siku ileile. Mbona unanitolea macho? Lilikuwa dawa?"

Nikamweleza. Kwamba hilo ni isale. Kwamba kwetu ukiletewa isale lenye fundo, aliyelileta anaomba msamaha, nawe huna ruhusa ya kukataa, hata kama kati yenu kuna damu. Arafa akakaa kwenye kigoda na kiberiti mkononi.

"Mungu nisamehe," akasema. Kisha akasema, "Lakini mzee amekukosea nini?"

Nami nauliza hilohilo. Miaka yote hii nilidhani ni mimi ninayestahili kuleta jani. Umenikosea nini, Baba?

Mwanao,
Lilian


Akheri, 21 Julai 2024

Mwanangu,

Salamu. Msalimie Arafa, mwambie hana kosa. Kosa ni la aliyefukia jani kwenye maranda ili asiseme kwa mdomo wake.

Barua yako ya mwezi wa nne ilinikuta nikisubiri msamaha, ikaniletea ungamo. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaiweka ndani ya Biblia, na tangu siku hiyo Biblia sijaifungua.

Swichi uliizima. Ulipokwenda jikoni niliingia karakana nikaikuta imezimwa. Nikaiwasha nijaribu kama umeme umerudi. Ulikuwa haujarudi. Sifaeli akaniita kwa kelele, ng'ombe wake alikuwa ameingia kwenye migomba yangu. Nikatoka nikiwa nimeiacha hivyo. Tulibishana na Sifaeli kama dakika ishirini juu ya migomba mitatu. Tukiwa bado tunabishana nikasikia mashine ikianza.

Kaburini uliposema ni wewe, nilikuwa na neno mdomoni. Wazee wa usharika walikuwa wamesimama pale. Nikatazama chini. Sikukubaliana nawe, mwanangu. Nilikuachia. Nimekuachia miaka miwili na miezi mitano.

Mashine haijanyamaza. Kamba ya mlango iko palepale.

Baba yako


Lemara, 1 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi sijambo. Arafa naye hajambo. Alitaka kuja huko kukupigia magoti kwa ajili ya jani, nikamzuia.

Nimekaa na barua yako wiki sita. Siku za mwanzo sikuweza kushika waya wa moto. Mkono wangu wa kulia nilikuwa nautazama kama wa mtu mwingine. Ni huu uliozima. Nilikuwa nimeuchukia bure.

Isale lako liliungua kabla sijaliona. Mimi nahesabu halijaletwa. Kwa hiyo sijafungwa kukusamehe, na sijakusamehe.

Kuna jambo nilikuficha nilipokuandikia habari za umeme kukatika. Nami nilikuwa naisikia mashine. Nyumba hii haina mashine; mimi nachoma, Arafa anashona. Lakini saa tisa mkanda ulikuwa unaanza upande wa pili wa ukuta, na mimi nikawa nainuka kuzima kila kinachozimika: taa, redio, pasi. Arafa alidhani nabana matumizi ya umeme. Akanitania kwamba mume nitakayempata atakula gizani.

Tangu barua yako ifike, huku kimya. Nadhani sasa unaisikia peke yako.

Bakuli liko mezani, sijalipamba. Masale yapo kwenye mpaka wa shamba, upande wa kaburi la Sadoki. Kata moja, lipige fundo mwenyewe. Usilifukie kwenye maranda wala usimpe Evaresta. Lilete mkononi mwako.

Njoo saa tisa. Tukae wote wawili, tusikilize.

Mwanao,
Lilian