Kapolowe, Palipofaa Goti la Godefroid

Kamalondo, Élisabethville
Tarehe 22 Agosti 1954

Mpendwa dada yangu mkubwa, yaya Germaine,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka kwenye vumbi la huku. Habari za Kongolo? Kikohozi cha mama kimepungua, au bado kinamwamsha alfajiri? Na shemeji Edouard, mgongo wake unamruhusu kulima? Sisi huku ni wazima, na safari hii, yaya, usitafute kitu nyuma ya neno hilo. Ni wazima kweli.

Barua yangu ya Pasaka ilikuwa ya machozi matupu. Nilikueleza jinsi mume wangu Godefroid alivyoanguka kwenye mashindano ya baiskeli, barabara ya Kipushi, akavunjika mguu. Mfupa uliunga vizuri, lakini goti likagoma kukunjika. Daktari akatuambia wazi kwamba mtu wa goti lile hawezi kurudi kwenye kazi ya karakana. Na wewe unajua, anayekosa kazi hapa haachwi kukaa mjini hivi hivi.

Daktari huyo huyo akasema dawa iliyobaki ni moja: apande baiskeli polepole kila siku, kwenye njia tambarare. Godefroid akakataa. Nikadhani ni maumivu, kumbe ni haya. Aliniambia, “Albertine, bantu bote ba Kamalondo banajua namna nilikuwaka napanda kinga, hii baiskeli. Leo banione natetemeka kama mutoto? Hapana. Afazali goti ibakie vile.”

Basi nikaona dawa ni kumtoa hapa, tukae siku chache shambani asikojulikana. Ila lazima pawe na treni ya kutupeleka na kuturudisha pamoja na hiyo baiskeli, maana goti likimkatalia porini, nitambeba mgongoni?

Kila mtu alikuwa na lake. Symphorien, mwenzake wa mashindano, aling’ang’ania Kipushi: treni ni ya mwendo mfupi, na ana ndugu wa kutupokea. Lakini ndiyo njia aliyoangukia Godefroid, na malori ya mgodi hayapungui! Jirani yetu Angélique akatusukumia Sakania, kwa dada yake. Nikaenda stesheni kuuliza, nikaambiwa treni za kurudi upande ule hazina uhakika. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetamani Naviundu kwa sababu ya mto, lakini ni karibu mno. Ukipiga chafya kule, Kamalondo wanakujibu.

Aliyetuokoa ni mama Mutale, yule anayeniuzia samaki wakavu sokoni. Kwake ni Kapolowe, nyumba yake haiko mbali na stesheni. Akaniambia, “Njia ya kwetu iko sawasawa, inaenda mpaka ku mayi ya ziwa. Na bantu ba kule biko na samaki ya kukausha, habana wakati ya kuangalia bwana yako.” Hapo hapo nikajua nimepata.

Tukapanda treni, baiskeli ikawekwa kwenye behewa la mizigo. Godefroid alikaa dirishani, uso ameugeuzia nje mpaka tukafika. Niliogopa, yaya. Nilijiuliza kama simpeleki tu akaaibike mbali badala ya karibu.

Asubuhi ya kwanza alinipeleka nyuma ya kichuguu kikubwa, tusionekane, akaniambia nishike kiti. Nikashika. Akakanyaga mara mbili, tatu, kisha puu! Wote wawili chini, kwenye majani yaliyoungua. Alipoinuka alikuwa mweusi kwa masizi tangu paji la uso hadi magoti. Nilijizuia nikashindwa, nikacheka. Akanikazia macho, nikasema sasa amekasirika, turudi nyumbani. Halafu naye akaanza kucheka, yule mtu ambaye sikuwa nimemsikia akicheka tangu Pasaka! Alipomaliza akajifuta uso na kusema, “Shika tena.”

Kuanzia hapo alifika mbali zaidi kila alipotoka. Goti lilivimba, mama Mutale akalikanda kwa maji ya moto na kumgombeza kama mwanawe. Mimi nilijifunza kupasua samaki.

Siku ya kurudi ndipo alipotaka kuniua. Alitoka asubuhi peke yake kwenda kuliaga ziwa. Treni yetu ilikuwa ya mchana. Nikafunga mizigo, nikaipeleka stesheni, nikangoja. Treni ikaingia, yeye hayupo. Nikapandisha mizigo, nikaishusha. Kengele ikapigwa, treni ikaondoka, na mimi nimesimama pale nikimwona kwa mawazo amelala kwenye majani, mguu umevunjika upya, na yote ni kwa sababu yangu niliyemleta.

Moshi wa treni haujaisha angani, namwona huyo anakuja, amesimama juu ya pedali, shati limelowa, samaki wananing’inia kwenye usukani.

“Ulikuwa wapi?” nikamlilia.

“Nilisahau.”

“Ulisahau treni?”

“Nilisahau goti.”

Nilimtukana, yaya, Mungu anisamehe, kisha nikakaa juu ya mizigo nikalia mpaka mkuu wa stesheni akaniletea maji. Jioni tuliwala wale samaki kwa mama Mutale, na treni iliyofuata ikatuleta nyumbani.

Daktari alimchuchumaza, akamwinua, akamchuchumaza tena. Akasema arudi kazini, na amerudi. Jana alikuja analalamika kwamba msimamizi anamchosha. Sijawahi kufurahia malalamiko hivyo.

Mama aliniandikia kwa siri kwamba wewe na shemeji mlianza kutupigia lipu kile chumba cha nyuma, ili tukifukuzwa mjini tupate pa kulala. Hamkuniambia, nami sikuwauliza. Asanteni. Sasa wekeni karanga humo. Tutakuja mwaka ujao kama wageni, na wageni wanalala sebuleni.

Nisalimie mama, shemeji Edouard, Régine na watoto wake, na babu Kapya. Godefroid anawasalimu wote. Bikira Maria awafunike, mvua iwakute mbegu zikiwa tayari.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye bila kuchoka,
Albertine