Kiti Chenye Mkoba

Pacha wangu,

Huku tu wazima, na paka amezaa tena. Jana sinema yetu ilionyesha ile filamu ya mashujaa kuungana, watu wakajaa pomoni. Kazi yangu ni kujaza viti vitupu, lakini mama aliweka mkoba kwenye kiti cha pembeni yake akagoma kuutoa. "Kina mwenyewe," akasema, "amechelewa tu."

Mashujaa wawili waliokuwa hawasemezani, kama sisi tangu tulipomzika baba, waliposimama bega kwa bega, ukumbi ulilipuka kwa vifijo. Bisi zilimwagika, watu wazima wakafuta machozi. Nilimmulika mama kwa tochi. Hakuwa anatazama picha. Alikuwa anatazama mlango.

Ni mimi,
uliyezaliwa naye