Baba, Kingo Ziko Wapi?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi dada yangu anakuja kumchukua binti yangu.

Mimi ni fundi cherehani, mke wangu alifariki miezi mitano iliyopita, akaniachia mtoto wa miaka minane ambaye sasa hagusi chakula zaidi ya chai, hadi mwalimu wake akaniita, na dada yangu aliposikia akasema, "Mwanamume hawezi kulea binti, nitamchukua mimi." Marehemu aliwapikia Wajapani fulani kwa miaka sita, akajifunza kwao sandwichi ya mayai, na kila Jumapili asubuhi alituandalia, basi nikasema nitamtengenezea mtoto hiyo hiyo, nikachemsha mayai, nikaponda viini kwa mayonesi, maziwa na sukari kidogo, nikakatakata ule weupe nikachanganya, nikajaza kwenye mkate laini, nikaondoa kingo zote nne kwa mkasi wangu wa kazi kwa sababu kisu kiliuponda mkate (usinicheke), na kwa kweli ilitoka nzuri, jirani alionja akaomba nyingine, lakini mtoto aliitazama tu akauliza, "Baba, kingo ziko wapi?" nikamwambia nimewapa kuku, akashuka kwenye kiti akaenda chumbani.

Jumapili iliyofuata nikaongeza sukari, nyingine nikabadili mkate, bado yale yale, yeye analia chumbani kimya kimya na mimi nalia nyuma ya cherehani asinione. Mama yake hakuwa mtu wa kutupa kitu, kingo alikuwa akizila mwenyewe kwa chai, amesimama pale jikoni anatuangalia. Niambie, mshauri, ladha nimekosea wapi, au nimwachie dada?

Fundi wa Mkasi

Fundi, pole. Pole sana, wewe na mwanao.

Sasa nikugombeze. Suruali ya mtu unaipima hadi nusu inchi, lakini mtoto anakuonyesha kwa maneno manne mahali palipopelea, wewe unakimbilia sukari! Jibu umeniandikia mwenyewe mwishoni mwa barua. Ladha hukukosea. Mwanao alikuwa akila na mama yake, yeye katikati ya mkate, mama kingo. Siwezi kujua yote yaliyo moyoni mwake, lakini naona sehemu ya mama yake uliwapa kuku.

Tena mnalia kila mtu upande wake, kama wapangaji. Acha hayo. Kesho asubuhi, usingoje Jumapili, chemsha mayai, viini aponde yeye. Mkishajaza mkate, ufunikeni kwa kitambaa chenye unyevu, utulie kidogo ushikane, ndipo ukate kwa kisu kikali. Mkasi urudishe kazini. Kingo weka kwenye sahani, mwambie, "Hizi zilikuwa za mama." Akilia, lia naye hapo hapo mezani. Na mpeleke hospitali wiki hii hii, mtoto kuishi kwa chai si mchezo.

Dada yako ana nia njema, mkaribishe, mpe kiti na sandwichi, ila begi la mtoto lisifungwe. Amekwisha kumpoteza mama, usimpokonye na baba.

Na zile kingo, fundi, usimlazimishe mtoto. Simama pale jikoni aliposimama mama yake, na chai yako mkononi, uzile wewe, huku unamwangalia.