Nyumba ya Picha Isiyoitikia Hodi

Kijiji cha Shirere,
S.L.P. 41,
Kakamega.
14 Agosti 1965

Mpendwa ndugu yangu Hezekiah,

Mulembe sana, mtoto wa mama. U hali gani huko Mombasa na joto lake? Kile kikohozi kimekuacha, au reli imekupandisha cheo pamoja nacho? Shemeji Musimbi naye hajambo? Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo limeamua kuzeeka peke yake. Roda wangu ananinyima sukari kwenye chai kwa sababu daktari alisema, na daktari mwenyewe nilimwona sokoni akitafuna muwa kama fisi.

Mahindi mwaka huu yamekubali. Ng'ombe wako mwekundu amezaa ndume. Mchungaji alipita akamtazama, akasema hii ni baraka kutoka juu. Nikamwambia hapana, ni fahali wa jirani.

Sasa nije kwa jambo la binti yako Nanjala, maana najua umeruka mistari yote hii ukilitafuta.

Halmashauri ilimpa kijana mmoja, Bramwel, aliyesomea uchoraji Kampala, ile nyumba ya wazungu karibu na boma, aifanye nyumba ya picha. Unaikumbuka. Mimi niliingianga humo na fagio tu, na wewe na trei. Bramwel akatundika ukutani picha kumi na mbili alizochora Nanjala, akapanga na vyungu vya akina mama. Halmashauri ikampa mwezi mmoja: watu wasipoingia, chumba kinageuka stoo ya mbegu.

Nilipokueleza, ukanijibu kwamba picha isiyotazamwa na mtu ni moshi tu, na kwamba Januari Nanjala aende Nairobi kusomea taipu. Sawa, wewe ndiwe baba yake.

Na kweli, wiki tatu hakuingia mtu. Mlango wazi kutwa, ndani nzi tu. Nanjala akaanza kuonja ugali badala ya kuula, akakunja nguo zake sandukuni. Bramwel akasema watu wa hapa hawapendi sanaa. Sikubishana naye. Mimi nilifika darasa la tatu, na hata hilo niliingia kwa dirisha.

Lakini Jumatano ya soko nikaenda kuona mwenyewe. Nikasimama ng'ambo ya barabara nikila karanga. Wakaja akina mama wanne na vikapu vyao, mbele yao Jescah, yule mfinyanzi, ambaye chungu chake kimo humo ndani. Wakasimama kwenye ngazi. Jescah akapiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili, akapiga ya tatu, wakatazamana, wakaenda zao. Haukupita muda, wazee wawili wakafanya vivyo hivyo. Ndugu yangu, kumbe watu walikuwa wanakuja kila siku! Lakini nani kwetu anaingia nyumba ya mwenyewe bila kuitikiwa? Tena nyumba ile, ambayo tulifukuzwanga hata kwenye ua wake?

Nikaingia. Bramwel huyo hapo, nyuma ya meza, na kalamu mkononi.

"Wewe kijana, una masikio?"

"Ninayo, mzee."

"Na hodi hukuisikia?"

"Nilisikia. Kampala tulifundishwa kumwacha mgeni na picha, tusimsumbue. Na neno karibu nimeliandika pale mlangoni, kwa herufi kubwa."

"Jescah hasomi. Na mimi ninayesoma kidogo, ubao haujawahi kunipa kiti."

Alicheka, halafu akashika kichwa.

Kesho yake nilibeba kiti changu nikakaa mlangoni. Roda akaja na chungu cha uji na vikombe, akisema heri kuninywesha huko kuliko kuniona nyumbani. Kila hodi niliiitikia kwa sauti ya kanisani. Walioogopa niliwaambia, "Ingieni, mwenye nyumba ameenda kwao, ametuachia misumari." Wakanywa kwanza, wakaulizana habari za watoto, ndipo wakatazama kuta. Bramwel akalalamika kwamba uji unadondoka sakafuni. Nikamwambia sakafu hiyo naijua kuliko yeye.

Jana nyumba ilijaa mpaka ngazini. Mwenyekiti wa halmashauri alikuja kuuliza kelele ni za nini, akapewa kikombe, akakaa hadi jioni. Alipotoka alisema mbegu zitatafutiwa mahali pengine.

Nisikufiche kitu. Kuna picha moja ambayo watu hawakuitania. Ni stesheni ya Butere, na mwanamume anapanda garimoshi, amewapa watu mgongo, koti limekunjamana begani. Jescah aliitazama muda, akasema, "Huyu si Hezekiah wetu? Mgongo huu naujua." Watu wawili walitaka kuinunua, Nanjala akakataa. Nikamuuliza kwa nini hakuchora uso.

"Baba mkubwa," akasema, "uso siukumbuki vizuri."

Miaka minne bila kukuona ni mingi, Hezekiah.

Basi sikiliza. Zile karatasi za shule ya taipu ulizonitumia Nanjala atie sahihi kisha nizipeleke posta, sijazipeleka. Zimo ndani ya Biblia ya Roda, ambako hakuna atakayenishuku. Kasirika, nimezoea. Lakini Desemba una likizo. Njoo utazame mgongo wako ukutani, mtoto akiwa kando yako. Ukimaliza, ukisema bado aende, nitazipeleka posta siku hiyo hiyo na nitanyamaza, jambo ambalo hujawahi kuliona.

Nanjala hajui. Anadhani karatasi zilifika zamani, na sanduku lake bado limefungwa kwa safari.

Nisalimie sana shemeji Musimbi, na Sylvanus wa Likuyani ambaye mnafanya kazi naye. Mwambie mama yake amepona, anatukana watu kama zamani. Roda na Jescah wanakusalimu. Mungu akulinde njiani, kwenda na hasa kurudi.

Wako akupendaye hata ukinuna,
kaka yako,
Chrispinus