Chupa ya Jumanne

Jumapili, 4 Mei

Wamesimama mbele ya kanisa. Mdogo wangu na mpiga kinanda. Wameshikana mikono kabisa! Kwaya ikapiga makofi, na mimi nikapiga, tena yangu yalisikika kuliko ya wote.

Miaka miwili yule mwanamume ananisindikiza hadi getini baada ya mazoezi. Ananibebea kabrasha la nyimbo. Ananiambia sauti ya pili bila mimi ni mchuzi usio na chumvi. Nikangoja. Nikafunga, nikaomba. Na nani kamleta Kijiko kwenye kwaya? Mimi. Nani kamfundisha kusoma noti? Mimi huyu huyu. (Tunamwita Kijiko tangu utotoni, alikuwa halali bila kushika kijiko. Sasa kashika mwanamume.)

Mchungaji akasema ilivyo desturi: wachumba wapime afya, walete majibu, ndipo ndoa itangazwe Jumapili tatu. Mlangoni mama akanishika bega. Ati zamu yangu inakuja. Zamu! Kwani niko kwenye foleni ya maji?

Jumatatu, 5 Mei

Kijiko kaja kupima hospitalini kwetu. Maabara tuko wawili tu, mimi na Mzee Miwani anayestaafu Desemba. Nikamtoa damu mdogo wangu kwa mkono wangu. Mshipa niliupata mara ya kwanza, hakuumia. Naandika hili kwa sababu nilifikiria kuukosa. Mara mbili tatu hivi.

Selimundu anayo, ile ya damu ya kurithi. Si mgonjwa, kaibeba tu. Mtu wa hivyo anaishi salama, hatari ni akizaa na mwenzake aliyeibeba pia. Baba na mama walikuwa hivyo, wote wawili, na kaka yetu akafa nayo akiwa na miaka tisa. Kijiko ndiye aliyekuwa analala naye kitanda kimoja.

Kaisoma karatasi mara mbili. Halafu akasema, "Dada, na yeye akiwa nayo, siolewi naye. Sitaki mama azike mtoto tena, hata awe wa kwangu."

Nikamwambia asiwaze mbali. Mimi nilijipima zamani, sina. Mimi na yule mwanamume tungezaa timu nzima ya mpira bila wasiwasi.

Tazama ninavyoandika! Ee Bwana.

Jumanne, 6 Mei

Kijiko kaniuliza kadi za mwaliko ziwe rangi gani. Nikasema kahawia. Kachagua zambarau. Sasa aliniuliza ya nini?

Kazini nimetengeneza dawa ya kupimia selimundu, chupa moja. Unga wake umebaki kiduchu. Kesho niombe stoo.

Jumatano, 7 Mei

Kaja mwenyewe. Shati jeupe, pasi imekolea. Akakaa kwenye kiti, akakunja mkono wa shati, akasema, habari za kazi, shemeji. Shemeji! Juzi tu alikuwa ananiita "sauti yangu".

Tone la damu, tone la dawa, kioo juu yake, nusu saa, hadubini. Seli zote duara, nzuri, zimepangana kama yeye mwenyewe. Hakuna hata moja iliyopinda mfano wa mundu. Hana. Nikasaini.

Kijiko alinirukia shingoni kwenye korido mbele ya wagonjwa. Ananukia poda ya mtoto. Nilimchukia dakika tano nzima, huku nimemkumbatia.

Ijumaa, 9 Mei

Nilikuwa naosha vyombo. Nikaishika ile chupa ya dawa. Imeandikwa Jumanne, mwandiko wangu.

Dawa ile hutengenezwa kila siku. Ikilala haiaminiki, inaweza kukuonyesha seli nzuri hata pale zilipo mbaya. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua. Jumatano sikutengeneza mpya wala sikwenda stoo. Jumatano nilikuwa nahangaika na "shemeji". Kwa hiyo majibu yake si majibu. Huenda hana. Huenda anayo. Hakuna ajuaye, na karatasi yenye saini yangu iko kwa mchungaji.

Jambo la kwanza nililohisi, na liandikwe, ni furaha. Nilicheka peke yangu na chupa mkononi. Kufa kufaana!

Halafu mawazo yakaja, kila moja limevaa suti. La kwanza likasema, waambie leo, ni wajibu wako. La pili likasema, waambie, ila ngoja kadi zichapishwe, wataanguka vizuri zaidi. La tatu likasema, nyamaza, waoane, wajionee wenyewe. Hilo la tatu lilinitisha. Maana yake niwe mama mkubwa wa mtoto anayelia mifupa inamuuma kama alivyolia kaka, na mimi nimpe pole. Nimelifukuza.

La pili bado limekaa. Limeomba na chai.

Jumapili, 11 Mei

Tangazo la kwanza. Mchungaji akasoma majina yao, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Kanisa kimya. Mguu wangu wa kulia ukatangulia mbele wenyewe. Nikajiona, dada mtu kasimama na joho la kwaya, "Mchungaji, kwa uchungu mkubwa..." Nilishapanga mpaka pa kulia! Nilishamwona anainua macho kwenye kinanda, ananitazama mimi.

Sikusimama. Nikarudi nyumbani najisifu, leo nimelishinda jaribu. Nikala sahani mbili. Mama akasema siku hizi nimekuwa mpole.

Lakini nimeshinda nini? Chupa nimeificha kabatini nyuma ya glavu. Sijasema kitu, na siku zinakwenda. Lile wazo la pili lilivaa utakatifu kabisa, nikalifungulia mlango.

Jumanne, 13 Mei

Somo la akina mama, sebuleni kwa mama mchungaji. Yesu jangwani, anajaribiwa. Mama mchungaji kasema tuangalie vizuri: mkate si dhambi, mwenye njaa akila hakosei kitu. Na shetani hakuja na matusi, alikuja na Maandiko, tena kayakariri. Kwa hiyo tusiulize tu kama jambo ni jema. Tuulize linatuita twende wapi.

Nikanyoosha mkono. Nikasema nina rafiki yangu kazini, ana ukweli fulani unaoweza kumuumiza mtu, na rafiki yangu anamwonea wivu mtu huyo. Atajuaje kama anausema kwa haki au kwa kijicho?

Akaifunga Biblia. "Hatajua, mwanangu. Akingoja moyo utakate ndipo atende haki, atazeeka anangoja. Aseme. Ila kisu asikishike yeye."

Rafiki yangu kazini! Mungu hamfichi mnafiki. Wenzangu wote waliangalia zulia.

Nimetembea kurudi nyumbani badala ya kupanda gari. Nilidhani njia ni mbili, kusema na kunyamaza, na shetani amekaa kwenye moja. Kumbe amekaa kwenye zote. Nikisema, nasema nikishangilia. Nikinyamaza, nanyamaza nikiwaombea mabaya. Njaa ni yangu, yeye anabadilisha sahani tu.

Alhamisi, 15 Mei

Nimemwambia Mzee Miwani. Jana nilishindwa, nilifika mlangoni nikamuuliza habari za mjukuu.

Leo nilianza na chupa. Akaguna, akasema si wa kwanza, tumwite kijana turudie, mbona natoka jasho? Nikasema nisipime mimi. Akasema kwa nini, mimi ndiye mwenye macho mazima. Nikasema nitaona ninachotaka kuona.

"Unataka kuona nini?"

Ikabidi niseme. Kwa mdomo, mchana kweupe, mbele ya mtu wa miaka hamsini na tisa na kikombe chake cha chai. Nikasema nataka awe nayo. Nataka ndoa ivunjike. Nikasema mpaka lile la kadi.

Alivua miwani akaifuta muda mrefu, na ilikuwa safi. Sikusikia mahubiri. Kasema atapima yeye, damu mpya, dawa mpya. Mimi niandike kosa langu kwenye daftari la makosa, lote, nisiandike "hitilafu". Na niwapigie simu mwenyewe.

Simu ndiyo iliyoniua. Nikamweleza Kijiko: dawa ilikuwa ya jana yake, kosa ni langu, majibu yale wasiyahesabu, waje kesho. Akasema, asante dada, mwingine angeficha.

Bora angenitukana. Sikumwambia kwamba nimeficha siku sita.

Ijumaa, 16 Mei

Naandika chooni, hospitalini. Saa nne kasoro.

Walikuja saa tatu. Mzee Miwani kamtoa damu, mimi nimejifukuza maabara. Nusu saa ya kungoja. Mpiga kinanda anatembea korido nzima, vidole vinapiga noti kwenye mapaja. Sikumtazama sana. Nilimtazama kidogo.

Kijiko alikaa nami benchini. Akasema, "Dada, tuombe. Omba wewe, mimi sauti haitoki."

Nikamshika mkono, wa baridi. Nikafumba macho. Nikasema Ee Mungu Baba, nikafika hapo. Nilitaka kusema kijana huyu asiwe nayo. Neno likagoma! Mimi, mwombaji wa kwaya, ninayeombea mpaka safari za watu! Nikasema mapenzi yako yatimizwe. Sala safi, hakuna wa kuikosoa, nami nikajificha nyuma yake kama mwizi nyuma ya pazia. Kijiko akaitika amina, akalia begani kwangu. Nikampapasa mgongo, umekonda. Nilimpenda. Na hilo liandikwe: nilimpenda sana, na bado nilitaka.

Nikasema naenda chooni mara moja. Sakafu imelowa, siwezi kupiga magoti. Nimejaribu tena peke yangu, kwa maneno ya wazi, na kalamu ili niyaone.

Bwana, asiwe nayo.

Asiwe nayo.

Asiwe nayo. Hii ya tatu imetoka moyoni kidogo. Au ni mkono tu umezoea.

Mlango wa maabara umefunguka, ule unaokwaruza chini. Mzee Miwani anaita. Anaita jina langu. Si lao, langu!

Miaka kumi na moja nafanya kazi na mzee huyu. Majibu mazuri humpa mtu palepale, hamalizi hata kuketi. Yakiwa mabaya huniita mimi kwanza.

Nimeitika nakuja. Sauti imetoka changamfu. Nimeisikia mwenyewe.